Filta ya Oili Hununuliwa kwa Injini, si kwa Jina la Gari

Ukiingia duka la spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ukasema "kaka, naomba filta ya oili ya Premio," hutatoka mikono mitupu. Muuzaji atanyoosha mkono kwenye rafu akupe ile ambayo wenye Premio wengi huichukua. Shida ni kwamba Premio mbili za umbo moja, zilizoshushwa bandarini siku moja, zaweza kuwa na injini tofauti. Ile ya NZT260 ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, na filta yake ni kopo la chuma linalokazwa kwa kuzungushwa. Ile ya ZRT260 ina injini ya lita 1.8 ya ukoo wa ZR, na filta ya injini za ukoo huo kwa kawaida haina kopo kabisa. Ni karatasi iliyokunjwakunjwa inayotumbukizwa ndani ya kikombe kilichofungwa kwenye injini yenyewe. Aliyesema "Premio" bado hajasema anachokihitaji.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, fungua boneti utafute kibati cha chuma chenye maandishi ya kiwandani. Kwenye gari nyingi zilizotoka Japani kipo ukutani nyuma ya injini au kwenye nguzo ya mlango, na kinataja modeli, namba ya chesisi na aina ya injini pamoja na ukubwa wake. IST ya NCP61, kwa mfano, itaandikwa 1NZ-FE, na ile ya NCP60 itaandikwa 2NZ-FE. Kadi ya gari, au logibuku kwa walio Kenya, nayo ina namba ya injini. Ila usiishie kwenye karatasi wala kwenye kibati. Magari yetu mengi yameshabadilishiwa injini, na injini ya mtumba iliyowekwa miaka mitatu iliyopita na mwenye gari wa kabla yako haijui kibati kimeandika nini. Mwombe fundi akuoneshe namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Hilo ndilo neno la mwisho.

Ukishaijua injini, tafuta namba ya filta. Kila kiwanda cha magari hutoa namba yake. Toyota hutumia 90915-YZZE1 kwa injini ndogo nyingi, pamoja na 1NZ-FE, na 04152-YZZA6 kwa injini za ZR zinazotumia karatasi. Nissan wana 15208-65F0A, inayotumika kwenye injini zao nyingi za petroli. Namba hii ina faida kubwa kuliko jina lolote la biashara, kwa sababu viwanda vingine vya filta huitumia kuonesha kwamba bidhaa yao inachukua nafasi ya ile ya kiwanda. Ukimpa muuzaji namba, anaweza kukupa filta za kampuni tatu tofauti na zote zikawa sahihi. Iandike kwenye simu yako, uiandike pia ndani ya kitabu cha gari.

Sasa tuje kwenye neno la madukani ambalo limeziumiza injini nyingi: "Inaingia."

Filta ya kopo hukazwa kwenye bomba fupi lenye meno. Toyota ndogo nyingi zina meno ya kipimo cha inchi: upana robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na meno 16 kwa kila inchi. Nissan nyingi zina meno ya kipimo cha metriki: upana milimita 20, na kutoka jino hadi jino milimita 1.5. Tofauti yake haifiki milimita moja. Ukichukua filta ya milimita 20 ukaizungusha kwenye bomba la robo tatu ya inchi, itaingia. Itaingia kwa wepesi hata ufurahi. Ringi ya mpira itagusa, utaikaza, utawasha gari, hutaona tone la oili. Lakini meno yake yameshikana kwenye ncha tu. Asubuhi yenye baridi, oili ikiwa nzito, presha kwenye filta huweza kupanda kupita baa 5. Hapo filta inaweza kuchomoka, na pampu ikaimwaga oili yote barabarani kabla hujapata pa kuegesha. Kinyume chake nacho kina hasara: filta ya robo tatu kwenye bomba la milimita 20 hukwama baada ya mizunguko michache, na fundi mwenye haraka akiilazimisha kwa spana huharibu meno ya injini. Kwa hiyo filta ikiingia kwa kulegalega, au ikianza kugoma mapema, irudishe dukani. Kipenyo cha ringi ya mpira nacho kilingane na ile ya zamani. Ziweke mbili uso kwa uso uhakikishe.

Meno yakiwa sahihi, bado hujamaliza, kwa sababu vitu viwili vinavyoitofautisha filta nzuri na mbaya vimefichwa ndani.

Ili kuvielewa, rudi nyuma kidogo. Magari ya mwanzoni mwa karne iliyopita hayakuwa na filta ya oili. Yalikuwa na wavu tu, na oili ilimwagwa kila baada ya mwendo mfupi. Mwaka 1923 Mmarekani Ernest Sweetland alitoka na filta iliyopewa jina Purolator, na ikaanza kufungwa kwenye magari. Mfumo uliotawala kwa miaka mingi baadaye ulisafisha sehemu tu ya oili inayozunguka, huku nyingine ikienda kwenye injini bila kuchujwa. Siku hizi oili yote inayosukumwa na pampu hupita kwanza kwenye filta, ndipo iende kwenye beringi, kemushafti na pistoni. Huo ni ulinzi mkubwa, lakini umeleta hatari yake: filta ikiziba, injini nzima inakosa oili, na beringi ikikosa oili inaungua kwa muda mfupi mno.

Ndiyo maana kuna vali ya pembeni. Ni kizibo kidogo chenye springi. Filta ikijaa uchafu, au oili ikiwa nzito mno kwa baridi, presha inakuwa kubwa upande mmoja wa karatasi kuliko upande mwingine, springi inaachia, na oili inapita bila kuchujwa. Kiwanda hukubali injini ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Sasa fikiria filta ya bei ya chini ambayo springi yake ni dhaifu. Vali inafunguka kila unapokanyaga mafuta, na oili inazunguka na uchafu wake siku zote. Kwa macho filta ile ni mpya na safi. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, au vali ikinata, karatasi iliyoziba inapasuka au injini inanyimwa oili. Tena injini hazilingani mahitaji: Subaru nyingi za zamani huandaliwa kwa vali inayofunguka kwa presha ya juu kuliko iliyozoeleka, na kuna injini ambazo vali yake imo ndani ya injini, si ndani ya filta. Filta mbili zenye umbo moja na meno mamoja zaweza kutofautiana hapo tu, na tofauti hiyo huioni dukani. Kinachokulinda ni ile namba.

Kitu cha pili ni vali ya kuzuia oili isirudi. Ni kipande cha mpira chenye umbo la kisahani, kilicholala nyuma ya vitundu vidogo vinavyozunguka tundu la katikati. Kama filta yako imefungwa kwa kulala au kichwa chini, oili iliyomo hupenda kushuka kwenye sampo gari likizimwa. Mpira ule huizuia, ili ukiwasha asubuhi oili iwe tayari imejaa na presha ije mara moja. Mpira ukiwa mgumu au umekatwa vibaya, injini inagonga kwa sekunde mbili tatu kila asubuhi na taa ya oili inachelewa kuzima. Watu hulaumu pampu, hulaumu umri wa gari, wengine hushauriwa kuweka oili nzito zaidi. Badili filta kwanza usikilize asubuhi inayofuata. Mpira wa silikoni huvumilia joto kuliko wa kawaida, na kwa gari linalokaa foleni saa nyingi kila siku tofauti hiyo ina maana. Viwanda vingi huupa rangi ya machungwa au nyekundu, lakini rangi peke yake si ushahidi.

Kuhusu karatasi yenyewe sitakuchosha. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Punje zinazokwangua beringi ni ndogo kuliko hapo mara kadhaa. Karatasi ya kawaida ya selulosi inafanya kazi vizuri kwa anayebadili oili kila kilomita 5,000. Nyuzi za sintetiki huhifadhi uchafu mwingi zaidi na kudumu, kwa hiyo zinamfaa anayetumia oili ya sintetiki na kwenda kilomita 10,000. Boksi likiandikwa "asilimia 99" bila kutaja ni punje za maikroni ngapi, tangazo hilo halijakwambia kitu. Kipimo kinachotambulika kimataifa ni ISO 4548-12, na kampuni makini hutaja ukubwa wa punje pamoja na asilimia. Kama una IST ya mjini na unafanya sevisi kwa wakati, sioni sababu ya kununua filta ya bei ya juu kabisa. Tumia fedha hiyo kununua oili ya daraja linaloagizwa na kitabu cha gari.

Na hili la daraja la oili linaihusu filta moja kwa moja. Injini iliyoundwa kwa 5W-30 ikijazwa 20W-50, asubuhi za Juni na Julai Makambako au Limuru oili inakuwa nzito kiasi kwamba vali ya pembeni inaweza kufunguka mara kwa mara mpaka injini ipate moto. Mwenye safari fupi za kwenda kazini na kurudi anaweza kutembea sehemu kubwa ya wiki bila oili yake kuchujwa ipasavyo.

Madukani utakutana na makundi manne ya filta. Kuna jeniuni, iliyo kwenye boksi la kampuni ya gari. Kuna za viwanda vinavyojulikana kwa filta, kama Denso wa Japani, Bosch, Mann na Mahle wa Ujerumani, au Sakura wa Indonesia. Hizi ni chaguo zuri kabisa, na mara nyingi ni nafuu kuliko jeniuni. Kuna zisizo na jina la maana, ambazo sikushauri. Na kuna feki, ambayo ni mbaya kuliko zote, kwa sababu inakutoza bei ya jeniuni na kukupa kitu kibaya kuliko kile kisicho na jina. Ndani yake mikunjo ya karatasi inaweza kuwa michache, gundi haijashika, vali ya mpira imewekwa kwa sura tu.

Huwezi kuikata filta kaunta kabla ya kuilipia, lakini unaweza kuikagua kwa mkono na macho. Linganisha namba ya kwenye boksi na iliyochapwa kwenye kopo, zikitofautiana, acha. Tazama uchapaji: herufi zilizofifia, rangi inayotoka ukisugua kwa kidole, tahajia mbovu. Chungulia tundu la katikati uone kama meno ni safi, hayana vipande vya chuma vilivyobaki, kwa maana vipande hivyo viko upande wa oili safi na vitaingia moja kwa moja kwenye injini. Bonyeza ringi ya mpira: iwe laini na imekaa sawasawa kwenye mfereji wake. Kwa kijiti kisafi, sukuma polepole ule mpira ulio nyuma ya vitundu vidogo. Unapaswa kusogea na kurudi. Tikisa filta karibu na sikio, na ukisikia kitu kinachezacheza ndani, irudishe kwenye rafu. Kwa filta ya karatasi, mikunjo iwe na nafasi sawa, kiungio chake kisiwe na mwanya, na kwenye boksi la jeniuni la Toyota utakuta na oringi mpya. Boksi lisilo na oringi litilie shaka: ama limeshafunguliwa, ama si la Toyota.

Nchi iliyotengenezewa haithibitishi chochote, kwa kuwa kampuni hizo zina viwanda katika nchi nyingi. Uzito nao hauthibitishi. Kinachosaidia zaidi ni duka linalokujua, na risiti. Tanzania dai risiti ya EFD, na umwombe muuzaji aandike namba ya filta, si neno "spea" tu. Ukigundua umeuziwa feki, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, ACA. Bila risiti malalamiko yako hayana pa kushikia.

Ukifika gereji, simama karibu. Hii nakusihi, kwa sababu filta nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya kuliko watu wanavyodhani. Ringi ya filta ya zamani wakati mwingine hubaki imeganda kwenye injini. Fundi akifunga mpya juu yake, ringi mbili zinapandana, na oili itatoka kwa nguvu ukiwa njiani. Mwambie afute pale mahali kwa kitambaa safi na wewe uone chuma kitupu. Ringi mpya ipakwe oili kidogo. Filta ikazwe kwa mkono mpaka ringi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko tu. Spana ya filta ni ya kufungulia. Kwa filta ya karatasi ya Toyota, kifuniko hukazwa kwa nyutoni mita 25, na oringi zote zibadilishwe. Kifuniko cha plastiki kilichokazwa kwa hasira hupasuka, na kukipata kingine nje ya miji mikubwa ni kazi.

Kuna fundi atakayekwambia filta ya karatasi inaoshwa kwa petroli na kupulizwa upepo. Kataa. Petroli hulegeza gundi, upepo hupanua vitundu vya karatasi, na uchafu uliobaki katikati ya nyuzi hautoki. Kuna na desturi ya kubadili filta mara moja kwa kila oili mbili. Injini ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 za oili ukibadili na filta, na lita 3.4 usipobadili. Hizo desilita tatu za tofauti ni oili chafu unayoichanganya na mpya siku hiyo hiyo, ndani ya filta ambayo nafasi yake ya kubeba uchafu imeshaliwa. Mimi ningebadili vyote kila kilomita 5,000, au kila miezi sita kama gari halitembei sana, kwa oili ya madini. Dereva wa teksi anayekaa foleni Morogoro Road apunguze zaidi, kwa sababu injini inayounguruma imesimama inachafua oili bila kuongeza kilomita kwenye dashibodi.

Filta iliyotolewa usiiache itupwe upesi. Iachwe idondoke usiku mzima ndani ya dumu la oili chafu, na dumu lipelekwe kwa wanaokusanya, lisimwagwe mtaroni. Kisha, angalau kwa gari ulilolinunua karibuni, mwombe fundi aifungue kwa kifaa cha kukatia mabomba. Msumeno wa chuma huacha unga wake na kuvuruga ushahidi. Mkitandaza karatasi juani, mtakachokiona kinasema afya ya injini. Uchafu mweusi laini ni wa kawaida. Vipande vinavyometa vikivutwa na sumaku ni vya chuma kutoka kwenye kemushafti, gia au pampu. Vikimeta bila kuvutwa, hasa vyenye rangi ya fedha au shaba, mara nyingi ni beringi zinaisha, na hapo una nafasi ya kuitengeneza injini kabla haijanoki. Mtazame na filta yenyewe. Kama bomba la katikati limebonyea, mikunjo imelalia upande mmoja au karatasi imechanika kwenye kiungio, kampuni hiyo usiinunue tena hata ukipunguziwa bei.

Ukimaliza kufunga, washa injini usikanyage mafuta mpaka taa ya oili izime, iache iungurume dakika chache, chungulia chini kama kuna tone, zima, subiri oili ishuke, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Filta mpya imeshajaa oili, kwa hiyo kipimo kitakuwa kimeshuka. Ongeza kidogo kidogo mpaka alama ya juu.

Kama una safari ya Kigoma, Turkana au popote ambako duka la spea ni moja, nunua filta mbili za namba ile ile ukiwa mjini, moja ikae kwenye buti ndani ya boksi lake, na usiipasue plastiki yake mpaka siku ya kuifunga. Ile inayofungwa, iandike juu ya kopo tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito, ili fundi yeyote atakayelala chini ya gari hilo ajue ilifungwa lini.